Ufundi wa Kufufua Land Rover ya Zamani

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na chesesi ikabaki ya chuma. Uamuzi huo ndio unaowapa kazi hadi leo wanaoyafufua magari haya majumbani: bodi hudumu, chesesi huliwa na kutu, tena kwa ndani, jicho lisikofika.

Fundi makini huanzia hapo. Huigonga chesesi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilichooza hutoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo hupenya. Sehemu mbovu hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, ndipo bamba jipya huchomelewa. Kufunika tundu kwa rangi ni kumhadaa dereva, na mafundi hawa wanastahili pongezi kubwa kwa kuikataa njia hiyo, ingawa kazi yao itafichwa chini ya gari.

Injini na giaboksi hazisumbui hivyo. Sehemu nyingi zimefungwa kwa boliti na nati, nazo hufunguka kwa spana za kawaida. Ndiyo maana magari haya yaliwafaa sana wakulima na watu wa mbugani Afrika Mashariki. Kuhusu breki, wenye busara hubadilisha paipu zote, hata zinazoonekana nzima.