Ajabu na Mshono katika Riwaya ya Kiswahili: Funzo Kutoka kwa Washonaji wa Kibarani

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja ambalo wengi wetu tunaofundisha fasihi ya Kiswahili tumelichukulia kuwa limekwisha kujibiwa: ajabu hufanya kazi gani katika riwaya? Kwa ajabu nakusudia mambo ambayo hayawezi kutokea katika maisha ya kawaida, kama vile jini kumgeuza mtu nyani, nchi kuelea angani, au mtoto kukataa kukua.

Katika miaka ya 1970 na 1980, uhakiki wetu ulipokuwa ukidai fasihi inayomulika maisha ya mkulima na mfanyakazi, ajabu ilitazamwa kwa jicho la shaka. Baadhi ya wahakiki waliihesabu kuwa ni masalio ya ngano za utotoni. Wengine waliiona kuwa ni njia ya kuyakimbia mambo halisi. Waliokuwa na huruma zaidi walisema kwamba ajabu ni vazi la kumsitiri mwandishi asionwe na watawala. Maelezo haya ya tatu ndiyo yaliyodumu. Mpaka leo, mwanafunzi akiulizwa kwa nini Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani, hujibu bila kusita kwamba alikuwa akijikinga na serikali ya kikoloni.

Jibu hilo si la uwongo, lakini halitoshi. Kama ajabu ni vazi la kujifichia tu, basi lingevuliwa hatari ilipopungua. Mambo hayakwenda hivyo. E. Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, Said Ahmed Mohamed akatoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, K. W. Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Mkoloni alikuwa amekwisha kuondoka siku nyingi, na ajabu katika riwaya ilizidi badala ya kupungua. Hapana budi tutafute maelezo mengine.

Darasa la kukata na kushona

Maelezo ninayoyatoa hapa sikuyapata maktabani. Niliyapata Kibarani, kando ya Makupa, njiani mtu atokapo kisiwani Mombasa kwenda bara. Kwa miaka mingi mahali hapo palitajwa mjini kwa ajili ya jaa la taka, lililofungwa mwaka 2018. Huko, katika sebule ya fundi mmoja aliyekwisha kustaafu, wanawake kadhaa hukutana Jumamosi alasiri kujifunza kukata na kushona. Hawashoni kwa ujira. Wanashona kwa kupenda. Mikono inapopiga bandi, mmoja husoma kitabu kwa sauti, na wengine husikiliza na kubishana. Vitabu wavipendavyo ni vya mambo ya ajabu. Nilipouliza sababu, mmoja alinijibu, "Mwalimu, ya kawaida tunayo nyumbani, hayo hatuna haja ya kuyanunua."

Siku ya kwanza nilikwenda kumpeleka dada yangu tu. Nilikuta wakisoma Adili na Nduguze, nami, kwa tabia mbaya ya kazi yangu, nikawaeleza kwamba hadithi ile ni ya kuazima. Nikaongeza methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Fundi hakunijibu. Alikuwa ameshika gauni la mwanafunzi wake. Akalipindua ndani nje, akaukagua mshono kwa kidole, kisha ndipo akalitazama upande wa nje. Alipomaliza aliniambia, "Nguo ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe. Hii ya Shaaban imekatwa upya. Nani ataivaa huko ilikotoka?"

Maneno hayo yalinirudisha kwenye mjadala wetu wa zamani juu ya fani na maudhui. Walimu wetu walitupa mifano miwili. Wa kwanza ulisema kwamba fani ni kikombe na maudhui ni kinywaji kilichomo. Wa pili, uliosemwa kuwa ni wa kiyakinifu, ulisema kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Mfano wa kwanza unavitenga vitu viwili ambavyo havitengeki. Wa pili unaviunganisha, lakini hauelezi vimeunganaje, kwani sarafu hutoka kiwandani ikiwa nzima. Vazi haliji hivyo. Kitambaa huwapo kwanza, hupimwa kwa mwili wa mtu fulani, hukatwa, na vipande huunganishwa. Kwa hiyo swali la mhakiki liwe hili: mshono uko wapi, na unabeba uzito gani?

Adili na Nduguze: nguo iliyokatwa upya

Ni kweli kwamba kitambaa cha Adili na Nduguze (1952) kimetoka katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhili, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert, liwali ni Adili wa Janibu, mfalme ni Rai wa Ughaibu, na ndugu Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani. Mhakiki anayeishia hapa ameonyesha duka kilikonunuliwa kitambaa, wala hajaonyesha mkato.

Washonaji wa Kibarani walianza na badiliko la mbwa kuwa nyani. Mbwa, walisema, hupigwa kila siku njiani na hakuna anayegeuka kutazama. Nyani ana mikono na uso unaokaribia uso wa mtu. Anayempiga nyani kila usiku, kisha akamlisha, hawezi kusahau kwamba anampiga ndugu yake. Badiliko hilo dogo limeubana mwili wa hadithi mahali panapostahili.

Hapa ndipo nilipojifunza neno la kazi. Katika kanzu kuna kipande kidogo kinachotiwa chini ya kwapa, nacho huitwa kikwapa. Mtu akiitazama kanzu kwa mbele hakioni. Hata hivyo, bila ya kipande hicho mvaaji hawezi kuinua mkono ila mshono utatatuka. Huria, jini aliyewageuza wale ndugu na kumwamuru Adili awapige kila usiku, ni kikwapa cha riwaya hii. Bila ya Huria, Adili ni mwema tu, na mwema ambaye hajalazimishwa lolote hatupi la kufikiri. Kwa amri ya Huria, mtu mwenye huruma anashikishwa mjeledi. Ajabu hapa haimwokoi mhusika kutoka katika uamuzi mzito. Inamtia ndani yake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo tunachokihitaji: ajabu inayompa mhusika nafasi ya kuinua mkono ni kikwapa, ajabu inayofunika mahali mwandishi aliposhindwa ni kiraka cha haraka.

Hata hivyo sikubaliani na darasa lile katika kila jambo. Katika kisa cha asili, wale ndugu hurudia uovu wao baada ya kurudishiwa umbo la watu, na mwisho wao ni adhabu. Shaaban Robert amekikata kipande hicho akakitupa: Hasidi na Mwivu wanasamehewa na kuurudia ubinadamu wao. Wengi wa washonaji waliusifu mkato huo. Mmoja wao, aliyekuwa kimya muda wote, alisema kwamba pindo lile limekunjwa vizuri kupita kiasi, kwa kuwa ndugu aliyekutosa baharini haendi kulala usiku mmoja akaamka mwingine. Nami nasimama upande wake. Mwandishi alitaka vazi la maadili lisilo na uzi unaoning'inia, na kwa ajili hiyo alipunguza kitambaa ambacho kingemsaidia. Msamaha una thamani kubwa zaidi pale ambapo anayesamehe anajua kwamba anaweza kusalitiwa tena.

Kusadikika: makosa ya kiolezo

Lawama ya kawaida juu ya Kusadikika (1951) ni kwamba inajirudia. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anakwenda, anapata taabu, anarudi na jambo la manufaa kwa nchi yake, na anatiwa gerezani. Msomaji akifika safari ya tatu anajua itakavyokwisha. Mimi mwenyewe nimepata kuwaambia wanafunzi kwamba huo ni udhaifu wa fani.

Fundi alilitazama jambo hili kwa jicho la ukataji. Mwanafunzi akiharibu kipande kimoja, alisema, mkono umeteleza. Akiharibu vipande sita kwa namna moja, mkono hauna kosa. Kosa liko katika kiolezo, ile karatasi anayoifuata. Sidhani kwamba nimepata kusikia maelezo bora zaidi ya muundo wa kitabu hiki. Kama Shaaban Robert angesimulia safari moja tu, tungeweza kusema kwamba mjumbe huyo alikuwa na bahati mbaya, au kwamba waziri alikuwa na chuki naye. Safari sita zenye mwisho mmoja hazituachii udhuru huo. Zinatulazimisha tuuangalie utaratibu wenyewe wa kuhukumu, yaani sheria inayomwadhibu mtu kwa kuleta heri. Marudio ambayo tumeyahesabu kuwa ni upungufu ndiyo hoja ya Karama mbele ya baraza.

Nchi hiyo kuelea angani nako kuna kazi zaidi ya kuficha. Nchi yenye ardhi ina majirani, na msomaji angeanza kutafuta ni ipi. Isiyo na ardhi inaonekana kwa mkato wake tu. Ni kama fundi anavyotundika kanzu ambayo haijapata mwenyewe, akaonyesha ilivyokatwa.

Bina-Adamu!: mshono wa nje

Wamitila anafanya kinyume. Katika Bina-Adamu! msimulizi anasafiri katika dunia iliyovurugika, akifuata nyayo za P.P., ambaye tunakuja kumtambua kuwa ni Peter Pan, mtoto asiyekua. Mhusika huyu alibuniwa na J. M. Barrie, na tamthilia yake ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1904. Shaaban Robert alikificha kitambaa cha kigeni kwa majina ya Kiswahili mpaka mshono ukapotea. Wamitila amebandika kiraka chenye rangi ya ugenini, na mshono ameuacha nje uonekane.

Darasa la Kibarani liligawanyika. Waliosema kwamba kitabu hiki kinachosha walikuwa na sababu: asiyemjua Peter Pan anaona kiraka na hajui kimetoka nguo gani. Lakini mmoja wao, ambaye alikuwa amekisoma kitabu cha Barrie, alitukumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Katika hadithi ile, Peter Pan anatengana na kivuli chake, na msichana Wendy anamshonea kwa sindano na uzi. Sote tulicheka kwa furaha kwamba ushonaji umeingia hata humo. Kisha fundi akauliza, "Na huyu wa Wamitila, kivuli chake kimeshonwa kwa nani?" Kicheko kilikatika. Nadhani swali hilo linaifungua riwaya yote. Madhara ya P.P. yako kila mahali katika safari ya msimulizi, na mwenyewe hashikiki. Kivuli chake kimeshonwa kwetu. Ndiyo maana mshono hauna budi kuonekana. Kama Wamitila angeuficha, angekuwa anatuficha namna ugeni ulivyounganishwa na miili yetu.

Hitimisho

Inasimuliwa katika mwambao wetu kwamba leso ilianza kwa kuunganisha vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, navyo ndivyo vilivyoipa jina. Leso ya leo ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Naona kwamba uhakiki wetu wa riwaya za ajabu umefanana na mnunuzi wa Biashara Street ambaye anasoma jina, analinakili, kisha anaiacha leso dukani. Tumekusanya mafunzo ya vitabu, mshono hatukuugusa.

Sikusudii kusema kwamba kila mshonaji ni mhakiki. Lakini mtu aliyewahi kukata kitambaa kizuri vibaya, akajua kwamba hakiungiki tena kikawa kama mwanzo, anafahamu jambo juu ya fani ambalo haliandikwi ubaoni: kila umbo ni uamuzi, na kila uamuzi umeacha kitambaa kingine sakafuni. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza mwandishi ametupa nini, ameongeza kipande gani, na kipande hicho kinamwezesha nani kuinua mkono.

Mwaka huu nimeufuta katika maelezo yangu ya darasani ule mstari niliokuwa nikiusema juu ya Adili na Nduguze na nguo ya kuazima. Mahali pake nimeandika: ipinduliwe kwanza.