Ziwa si Bahari: Sifa za Daftari la Mbizi

Jumapili moja, mezani kwa mama hapa Mugeta, mkoani Mara, kompyuta yangu ilidai kwamba nilikuwa nimezamia ziwani saa kumi na dakika kumi usiku. Kioo kilionyesha 04:10, na chini yake mstari wa kina ulishuka, ukatulia kwenye mita 9.7, ukapanda taratibu, ukasimama kidogo kwenye mita 5, kisha ukaibuka. Mbizi ilikuwa yangu. Niliitambua kwa mteremko wake, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Saa ndiyo haikuwa yangu. Saa kumi usiku, walioko majini upande wa Musoma ni wavuvi wa dagaa na taa zao. Mimi nilikuwa nimelala.

Naanza na kosa hili kwa sababu ndilo lililonifanya niupende ufundi ambao wazamiaji wengi huuona kama ukarani tu: kuitunza kompyuta ya mkononi, kuyahamisha yaliyomo, na kuliweka daftari la mbizi likae sawa. Watu husifu ujasiri wa kushuka. Mimi nasifu kinachofuata, mtu akiwa ameshakauka, ameketi na waya wake, penseli yake na subira yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mzamiaji ni dakika alizokaa chini na kina alichokaa, na mali hiyo haionekani tena kwa macho akishapanda mtumbwini. Imo mwilini mwake, na imo katika daftari. Kwingine popote haipo.

Kompyuta ya mbizi ina umbo la saa kubwa ya mkononi. Hupima joto la maji pia, lakini uzito wote wa kazi umebebwa na vipimo viwili: mgandamizo na muda. Haipimi damu, wala haijui kama uliyeivaa umenenepa, umechoka au hukunywa maji ya kutosha. Inachojua ni kwamba maji yamekukandamiza kiasi fulani kwa dakika fulani. Kutokana na hayo mawili, inakadiria naitrojeni iliyopenya mwilini kutoka kwenye hewa ya mtungi, na inakuambia upande kwa mwendo gani ili hewa hiyo itoke kwa utaratibu. Ukipanda kwa pupa, naitrojeni hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla, na mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha, hata huua.

Hesabu hii ilianzia kwa mbuzi. Mwaka 1908 huko Uingereza, John Scott Haldane na wenzake, Boycott na Damant, walichapisha matokeo ya kuwaweka mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo, kisha kuwatoa kwa mwendo tofautitofauti. Mbuzi hasemi panapomuuma. Waliangalia miguu: aliyepata maumivu aliuinua mguu wa mbele asiukanyagie. Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka baba. Alifuga mbuzi hapa Mugeta, na jioni alisimama mlangoni mwa zizi bila kuhesabu wala kuuliza, akasema yule mweupe ana shida mguuni. Hakuwa na chumba cha mgandamizo, lakini elimu ni ileile: kiumbe asiye na maneno hujieleza kwa mwendo wake, na mwenye jicho husoma.

Haldane aliona kwamba mbuzi, kama mtu, anaweza kustahimili mgandamizo ukipunguzwa hadi nusu. Ukizidi hapo, matatizo huanza. Alizigawa tishu za mwili katika makundi matano, mengine hujaa naitrojeni upesi, mengine polepole. Miongo kadhaa baadaye daktari wa Zürich, Albert Bühlmann, alifika makundi 16, la upesi likijaa nusu yake kwa dakika chache, la polepole likichukua zaidi ya saa kumi. Bühlmann alikuwa mtu wa Uswisi, nchi isiyo na bahari hata ya kutia mguu. Wazamiaji wa kwao walizamia katika maziwa ya milimani, na ndiyo maana hesabu zake zilijali mwinuko tangu mwanzo. Kompyuta nyingi zinazovaliwa leo zimejengwa juu ya kazi yake. Kwa mtu wa Mara hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa sisi nasi twazamia juu ya mlima, ingawa mlima wenyewe hatuuoni.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mafunzo ya uzamiaji huihesabu mbizi yoyote iliyo juu ya mita 300 kuwa mbizi ya mwinuko. Kwa hiyo Musoma, Mwanza, Bukoba na Ukerewe hakuna mbizi ya kawaida. Baharini hewa hutulalia kwa milibari 1,013 hivi. Ziwani ni karibu 885. Ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa kama mara mbili ya ule wa juu, na ukipanda unarudi kwenye nusu, mpaka uleule wa mbuzi wa Haldane. Ukishuka mita 10 ziwani, maji yanaongeza milibari kama 980, jumla inafika 1,865, na ukiigawa kwa 885 unapata mara mbili na zaidi ya sehemu ya kumi. Mita 10 za ziwa mwilini ni kama mita 11 za bahari. Aliyejifunza Zanzibar akaja ziwani na majedwali ya pwani, akayaamini yalivyo, anajidanganya kwa mita moja kabla hajalowa.

Kompyuta za siku hizi nyingi huonja hewa zikiwashwa, zikatambua mwinuko zenyewe. Baadhi husubiri uziambie. Karibu zote zina mahali pa kuchagua maji chumvi au maji baridi, na hapo ndipo nilipopata somo langu la pili.

Tulikuwa tukikagua bomba la kunyonyea maji, mahali ambapo mvuvi mmoja mzee alitupeleka kwa mtumbwi wake. Kabla sijashuka aliteremsha kamba yenye jiwe, kile ambacho watu wa pwani huita bildi. Kamba ilikuwa na fundo kila mita, na fundo la tano na la kumi alilifunga kitambaa chekundu. Jiwe lilipogusa tope, kitambaa cha pili kilikuwa sawasawa na uso wa maji.

“Kumi,” alisema.

Nilishuka hadi kwenye tope lenyewe. Kompyuta ikasema 9.7. Nilipopanda nilimwambia, “Mzee, shikamoo yako naipokea baadaye, lakini kamba hii imevutika.”

Aliitazama kamba, si mimi. “Kijana, shikamoo ni yako kunipa mimi. Na kamba hii niliipima upya juzi.”

Nilimwomba radhi kwa yote mawili. Jioni niliifungua mipangilio ya kompyuta nikakuta imeachwa kwenye maji chumvi, tangu nilipozamia mara ya mwisho baharini. Maji ya bahari ni mazito zaidi, kwa asilimia kama 3. Kompyuta inapohisi mgandamizo wa mita 10 za maji baridi huku ikidhani iko baharini, inaandika 9.7. Kihisio hakikukosea, na hesabu ya naitrojeni haikuharibika, kwa sababu mwili na kihisio vyote husikia mgandamizo. Neno mita ni tafsiri tu. Lakini bomba halilali kwenye milibari. Bomba liko mita 10, na fundi atakayetumwa kulirekebisha atakata kamba yake kwa kipimo nitakachomwandikia. Kamba ya mzee ilisema kweli, nami nikaiandika kweli hiyo.

Sasa nirudi mezani Mugeta.

Programu ninayotumia kutunza daftari inaitwa Subsurface. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2011, Mfini yuleyule aliyeuanzisha mfumo wa Linux mwaka 1991, naye ni mzamiaji. Hailipiwi, na yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Ndani yake imo kazi ya Jef Driesen, mtu aliyejifunza, aina moja baada ya nyingine, namna kompyuta za mbizi za viwanda mbalimbali zinavyozungumza, na leo programu inaelewana na mamia ya aina hizo. Naheshimu sana kazi ya namna hiyo. Kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na mkalimani alihitajika.

Siku ile mkalimani hakupata hata nafasi ya kusikia. Nilichomeka waya, programu ikasema haiuoni mlango. Nilikagua kwa mpangilio, kama fundi wa pikipiki anavyokagua: mafuta kwanza, plagi baadaye, injini mwisho. Vichuma vya mgongoni mwa kompyuta vilikuwa na ukungu mwembamba wa tope la ziwa. Nikavisugua kwa mswaki mkavu. Bado. Waya niliuhamishia tundu jingine. Bado. Nikaangalia kama kompyuta mpakato inautambua waya wenyewe, nayo ilikuwa inautambua. Basi tatizo lilikuwa ruhusa. Katika matoleo mengi ya Linux, mtumiaji huruhusiwa kugusa milango ya aina hiyo akiwa katika kundi linaloitwa dialout, nami sikuwamo, kwa kuwa mfumo niliusimika upya mwezi uliopita. Nikajiingiza kundini, nikatoka na kuingia tena, nikachomeka. Mbizi zikaanza kuteremka moja moja kwenye kioo. Mama alikuwa anachambua mchele upande wa pili wa meza. Akainua macho akauliza kama mgonjwa amepona.

Mgonjwa alikuwa amepona masikio. Saa ndiyo ilikuwa bado. Mbizi ya kwanza 04:10, ya pili 08:30. Nikaenda kwenye begi nikatoa kijitabu changu cha penseli, chenye kurasa zilizojikunja kwa unyevu. Kilisema: kuingia saa 4:10, joto la maji nyuzi 25, tope, bomba zima, tena saa 8:30. Ndipo nikaelewa. Siku mbili kabla ya kazi ile nilibadilisha betri, saa ikajifuta, nami nikaiweka upya huku nikiitazama saa ya kichwani mwangu, saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Saa nne asubuhi niliiandika 4. Kompyuta, ambayo siku yake huanza usiku wa manane, ikaipokea kama saa kumi usiku. Tofauti ni saa 6 kamili, ileile inayompoteza mgeni anayeambiwa basi linaondoka saa mbili.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Muda kati ya mbizi na mbizi ulibaki sahihi, na hesabu ya naitrojeni haikuguswa. Lakini daftari husomwa na wengine. Daktari anayempokea mzamiaji mwenye maumivu ya bega huuliza kwanza: uliibuka saa ngapi? Saa 6 za uongo hubadilisha jibu, na jibu hubadilisha tiba. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai siku mbili baadaye. Kazi ya namna hiyo humshusha mtu ziwani tena na tena, na kila mshuko humkuta na naitrojeni ya mshuko uliotangulia. Anayewapanga zamu hana pa kutazama isipokuwa kwenye kumbukumbu.

Halafu kuna barabara. Ukizamia Musoma asubuhi, jioni ukapanda kuja Mugeta, umeongeza mwinuko kidogo tu. Lakini kesho yake ukichukua basi la Arusha linalokatiza Serengeti, utapita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, hewa nyepesi karibu sawa na ile ya ndani ya ndege. Alama ya ndege inayobaki kwenye kioo cha kompyuta baada ya mbizi inamhusu pia abiria wa basi. Ushauri uliozoeleka ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi kadhaa. Ili uhesabu saa hizo, lazima ujue uliibuka lini.

Subsurface ina njia ya kusogeza saa za mbizi ulizozichagua. Nilizichagua zote mbili, nikazisogeza saa 6 mbele, zikasimama 10:10 na 14:30, zikaingia mahali pake katika safu. Kisha nikabadilisha maji kuwa baridi. Kina cha 9.7 sikukifuta, ndicho kompyuta ilichokiona. Kwenye sehemu ya maelezo niliandika: “Ziwa Victoria, mita 1,134. Kompyuta ilikuwa kwenye maji chumvi. Saa imesogezwa 6 mbele, iliwekwa kwa saa ya Kiswahili. Kina kwa kamba ya mwenye mtumbwi: mita 10.”

Mama aliniuliza kama nimemaliza ili aweke sahani. Nikahifadhi, nikaisogeza kwanza saa ya ile kompyuta ya mkononi kutoka 7 hadi 13, nikampisha meza.