Halua na Kahawa Chungu: Ukinzani katika Utenzi, Hadithi na Taarab

Barazani, halua haiji peke yake. Huja na kahawa chungu isiyotiwa sukari, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na mlaji humega kipande, akapiga funda, kisha akairudia halua. Hakuna anayehitaji kufundishwa sababu yake. Ulimi uliokwisha kulewa utamu hauutambui tena utamu. Funda la uchungu ndilo linaloufufua. Tamu ya mua kifundo, walisema wahenga, na methali hiyo aghalabu hutumiwa kuonya kwamba kila raha ina mpaka wake. Lakini inaweza kusikika pia kama kanuni ya sanaa: pasipo kifundo pingili moja haitengwi na nyingine, na mlaji hana pa kuanzia upya.

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba tanakuzi ni tamathali ya usemi, yaani kuyaweka pamoja maneno mawili yanayopingana. Maelezo hayo ni sahihi, ila huifanya tanakuzi ionekane kama pambo la mstari mmoja, la kuvishwa na kuvuliwa. Katika tungo kubwa za mwambao, ukinzani ni nguzo ya nyumba nzima. Hata hivyo si kila jeusi likikaa kando ya jeupe huzaa sanaa. Kuna ukinzani unaodumu kichwani mwa msikilizaji miaka mingi, na kuna unaochosha kabla wimbo haujesha. Kuupambanua mmoja na mwingine ni kazi ya mhakiki, na kazi hiyo ina uzito wake katika visiwa hivi, ambako mabishano kuhusu taarab ya zamani na taarab ya kisasa hayajapata kukoma.

Pa kuanzia pazuri ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, utungo unaohusishwa na miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wakati fahari ya mji huo ilipokuwa imekwisha kuporomoka. Mshairi anausemesha moyo wake na kuuonya juu ya dunia. Mawaidha ya namna hiyo yalikuwa mengi kabla yake na yamekuwa mengi baada yake. Kwa nini basi huu ndio unaokumbukwa? Jibu moja ni kwamba mshairi hakuyaharakia magofu. Kwanza humfungulia msomaji mlango, akamwonyesha taa zinavyowaka, watu walivyojaa kumbini, na zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kaure. Anaisifu nyumba kwa mapenzi ya mtu aliyekaa ndani yake. Kisha, bila ya kumhamisha msomaji hata hatua moja, humwonyesha popo, buibui, na makinda ya ndege ndani ya zidaka zile zile.

Nguvu yote imo katika maneno hayo, zile zile. Lau magofu yangelikuwa ya mji mwingine, utungo ungebaki kuwa habari. Kwa kuwa ukuta haukuhama, msomaji anaziona picha mbili mahali pamoja: kaure na kinda, taa na giza. Mhubiri mvivu angeliidharau nyumba tangu mwanzo ili aonekane mchaji, na hapo kuanguka kwake kusingelimuuma mtu. Sayyid Abdalla aliupa utamu haki yake, na ndipo uchungu ukapata pa kushika.

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ukinzani umekazwa zaidi. Liyongo yumo kifungoni kwa amri ya sultani wa Pate, na kifo kinamngoja. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi hukila kila kilicho kizuri. Basi mama huoka mkate wa wishwa, mkate usiotamanika, na ndani yake huficha tupa. Walinzi wanaula mkate mzuri, wanamwachia mfungwa ule mbaya, na kwa uroho wao wanamkabidhi uhuru wake. Halafu huja usiku wa gungu. Mfungwa anaomba ngoma ichezwe, watu wanakusanyika, vyombo vinalia, makofi yanapigwa. Na chini ya shangwe hizo tupa inakata pingu.

Hapo msikilizaji wa utenzi anasikia mambo mawili kwa sikio moja. Walinzi wanasikia karamu ya kumuaga mtu atakayekufa. Yeye anasikia chuma kikiliwa taratibu, na kila ngoma ikizidi kupamba moto, ndivyo moyo wake unavyozidi kutulia, kwani kelele ndiyo sitara ya mfungwa. Furaha na hatari hazikupokezana zamu. Zimevaa kanzu moja. Na mkate, ambao ni kitu cha jikoni kisicho na utukufu wowote, umekuwa na sura ya nje inayodharaulika na siri ya ndani inayookoa maisha.

Shaaban Robert mara nyingi amelaumiwa kwa kuwapa wahusika majina yanayowamaliza kabla hawajatenda neno. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hahitaji ramli kujua nani atamfanyia nani ubaya. Lawama hiyo ina haki. Ukinzani wa mwema huku na waovu kule hufunza, ila haushangazi. Ni mizani ambayo sahani zake zilikwisha kutiwa mawe. Lakini kitabu hicho kina tendo moja ambalo hakuna aliyekisoma akalisahau. Nduguze wamegeuzwa manyani, na kila usiku Adili hulazimika kuwapiga, kisha huwakumbatia na kuwafuta machozi kama wageni wa heshima. Mkono unaopiga ndio unaobembeleza. Majina yameshasahauliwa na wengi waliokisoma shuleni, lakini mkono ule haujasahaulika. Mwandishi yule yule, katika kitabu kile kile, ametoa ukinzani wa namna mbili, na wakati umechagua.

Ikiwa mifano hii mitatu inaonyesha jambo, basi ni hili: ukinzani wa watu wawili walioketi mbalimbali ni dhaifu kuliko ukinzani uliomo ndani ya kitu kimoja. Kidaka kimoja, mkate mmoja, mkono mmoja. Tofauti haisikiki pasipo kitu kinachobaki vile vile. Washairi wa kale walilijua hilo hata katika umbo la beti. Katika utenzi, mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali kina cha mshororo wa nne hudumu tangu mwanzo mpaka mwisho, hata beti ziwe mamia. Sikio huondoka pwani mara tatu na kurejea mara ya nne. Katika shairi, kibwagizo huyarudia maneno yale yale mwishoni mwa kila ubeti; lakini mtunzi hodari hupanga beti zake hivi kwamba kila kinaporudi, kinakuja na maana ambayo hakikuwa nayo kwanza. Maneno hayakubadilika, aliyebadilika ni msikilizaji.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoujenga usiku wa taarab kama ulivyozoeleka Unguja katika vikundi vikongwe, Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958. Huanza bashrafu, ala tupu bila ya mwimbaji, na watu bado wanasalimiana na kutafuta viti. Pengine udi au kanuni hupewa nafasi ya taksim, ambapo mpigaji hutembea peke yake bila ya kufungwa na mapigo, huku wenzake wamenyamaza. Kisha dumbaki huingia, fidla zikajibu, na mwimbaji aliyeketi kwa utulivu hutoa ubeti wa kwanza. Sauti moja, kisha kundi zima katika kiitikio. Sauti moja tena. Kinachomfanya mtu ainuke kwenda kutunza si sauti kubwa, kwani sauti kubwa imeshasikika mara kadhaa. Huinuka pale ala zinapopungua na neno likabaki peke yake hewani, likamgusa alipo.

Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri za Kiswahili, aliacha mfano wa ukinzani ulio mkali kuliko wa ala na sauti. Miongoni mwa nyimbo zinazohusishwa naye umo ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke aliyefika Unguja akiwa mgeni kutoka Dar es Salaam, na mtuhumiwa aliyekimbilia bara. Taarab ni muziki wa harusi na sikukuu. Watu huiendea wakiwa wamevaa vizuri na wamejifukiza udi. Kuwaimbia watu wa namna hiyo habari ya maiti na ya haki iliyopotea ni kuwatilia kahawa chungu katikati ya halua. Wimbo wa maombolezo ungelisikika msibani na kuishia hapo. Huu ulisikika penye raha, na kwa hivyo ukamfuata kila msikilizaji mpaka nyumbani kwake.

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliubeba ukinzani katika koo lake. Fidla zilipokuwa zimenyooka kama uzi, sauti yake ilikuja na mikwaruzo, nzito, yenye umri ndani yake; nyimbo za mahaba zikawa na mauti kando, na hakuna aliyezisikia akadhani kwamba mahaba ni mambo ya vijana peke yao. Mwanamke huyo huyo aliyesimama mbele ya ala za taarab alikuwa akijifunga ngoma kiunoni na kupiga unyago. Wageni walimshangilia kwa ajili ya umri wake, nao walimpunja. Kilichostahili kushangiliwa ni jinsi ukumbi wa heshima na uwanja wa ngoma ulivyokaa ndani ya mtu mmoja bila ya kugombana.

Ndipo yanapofaa kutazamwa mabishano ya leo. Wazee husema taarab ya kisasa, iliyoshamiri kuanzia miaka ya 1990 kwa jina la rusha roho, ni makelele. Vijana hujibu kwamba ya zamani inalaza. Pande zote mbili hulaumu visivyo na hatia. Kinanda cha umeme hakina kosa: akodiani na dabal besi nazo zilikuja kutoka mbali, na hakuna anayezikataa leo. Kucheza hakuna kosa: kidumbaki, chenye sanduku, mkwasa na cherewa, kilikwisha kuzichukua nyimbo za taarab na kuzichezesha tangu zamani, na wanamuziki kadhaa wamekuwa wakivuka kutoka huku kwenda kule. Wala mpasho si mgeni. Vikundi vya wanawake, Nuru-l-Uyun na Sahibu-l-Ary, vilirushiana maneno makali kabla wengi wa wapashaji wa leo hawajazaliwa.

Kilichopungua ni vitu viwili. Cha kwanza ni kimya. Pale mapigo yanapotoka kwenye mashine, na vipaza sauti vikawekwa juu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna mahali pa kupanda kwa sababu hakuna palipoteremka. Msikilizaji hucheza, hutoka jasho, hufurahi. Lakini asubuhi hakumbuki ubeti hata mmoja. Cha pili ni kizito zaidi, nacho ni fumbo. Wimbo wa fumbo una tumbo mbili: ukumbi unasikia habari ya ua, ya chombo au ya tunda, na mtu mmoja anasikia habari yake. Naye, kwa kuwa jina lake halikutajwa, anaweza kucheka na wenziwe, akaenda zake na uso wake. Mtunzi naye anaweza kuapa kwamba alikusudia ua. Tusi lililo wazi lina tumbo moja tu. Humwacha mtukanwa bila ya mlango wa kutokea, na katika mitaa ambayo nyumba zimegusana kuta na majirani huzikana, kumnyima mtu mlango ni jambo kubwa kuliko kuharibu wimbo. Fumbo lilikuwa sanaa, na lilikuwa sitara pia.

Haki inataka isemwe kwamba nyimbo bora za kisasa hazikuipoteza siri hiyo. Zimo ambazo lahani yake ni laini kama ya kubembelezea mtoto, ilhali neno lake linakata. Na zimo ambazo mpasho unaonekana uchi mpaka msikilizaji anapotanabahi kwamba anayepashwa ni mpashaji mwenyewe. Nyimbo hizo zitadumu kwa sababu ile ile iliyoudumisha mkate wa wishwa. Zilizobaki zitafuatwa na nyingine zenye sauti kubwa zaidi, kwa kuwa aliyezoea utamu mtupu hana budi kuongezewa sukari kila siku.

Ipo njia rahisi ya kuupima wimbo wowote, wa zamani au wa leo, na haihitaji mwalimu. Kundi na lithubutu kuvizima vyombo vyote kwa ubeti mmoja, limwache mwimbaji na udi. Ukumbi ukitulia ili usikie, wimbo una kitu ndani. Watu wakianza kuzungumza, basi kelele ilikuwa imeficha utupu.