Mkono Uliochelewa

Video ya mjadala inazunguka kwenye simu zote hapa Kirotshe, mashariki mwa Kongo, na vijana wa pikipiki wanamsifu mheshimiwa mmoja kwamba amemmaliza mpinzani wake. Nimeitazama hadi mwisho. Kapiga meza, katoa macho, kamkata mwenzake kauli kila mara. Swali la barabara hakuligusa. Kazi mbovu kama hiyo ikisifiwa, wanaojua kusema watakosa sababu ya kujitahidi.

Mimi huanza na mkono. Watu wengi hutazama ukubwa wa ishara, na ndipo wanapodanganyika. Cha kupima ni wakati wake. Mtu anayesema anachofikiri, mkono wake hulitangulia neno zito kidogo tu, au hufika nalo pamoja. Aliyekaririshwa husema kwanza, kisha mkono unafuata nyuma. Mtazame anapohesabu ahadi. Mwenye hoja yake, kidole cha pili kimeshainuka kabla hajatamka “pili”. Yule mwingine hutamka “pili”, kisha anatafuta kidole. Ni chini ya sekunde moja, lakini wasikilizaji huona kuchelewa huko hata wasipojua wameona nini, na imani yao hupungua hapo hapo. Niliwahi kumwona mgombea aliyefundishwa kuweka mkono kifuani kila atajapo wakimbizi wa kambini. Alipofika kwenye bei ya sukari, mkono ukaenda kifuani.

Ulimi nao una wakati wake. Waliomsikia Vital Kamerhe akimnadi mgombea urais Kabila huku mashariki mwaka 2006 wanajua fundi ni nani: anatoka Kifaransa anaingia Kiswahili katikati ya hoja, na mwendo wa sentensi haupotei.

Kisha tazama anayenyamaza. Al Gore, kwenye mjadala wa urais wa Marekani tarehe 3 Oktoba 2000 kule Boston, alikuwa akihema kwa nguvu mpinzani wake Bush alipokuwa akiongea. Kesho yake watu walizungumzia pumzi zake kuliko sera zake. Katika mjadala wa mwaka 1992, Bush baba alitazama saa yake mama mmoja akiuliza swali. Asiyejua kusikiliza mbele ya kamera hajui mjadala.  

Jibu zuri ni lile linalobebeka hadi sokoni. Nairobi, katika mjadala wa urais wa Februari 2013, Raila Odinga alisema kuhusu mpinzani wake aliyekuwa na kesi The Hague kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kutoka huko kwa Skype, na Wakenya wanalikumbuka mpaka leo. Ila Raila wa 2017 na Ruto wa 2022, kila mmoja jukwaani bila mpinzani wake mkuu, siwapi alama.

Hapa kwetu Kongo, wakati wa Konferansi ya Kitaifa, 1991 na 1992, wazee wetu walimpima msemaji kwa redio na sikio tu, na walipima vizuri kutuzidi. Mjadala wa Kabila na Bemba, wagombea wa duru ya pili ya urais, uliotarajiwa Oktoba 2006 haukufanyika, kwa kuwa hawakuelewana namna ya kuufanya. Januari 2011 katiba ikabadilishwa, duru ya pili ikafutwa, na wagombea wawili hawalazimiki tena kukutana. Tumebaki na mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Basi subiri mwandishi wa habari amkatize kwa swali asilolitarajia, uanze na vidole.