Pongezi kwa Marubani wa Ia Drang

Tarehe 14 Novemba 1965, katika bonde la Ia Drang nchini Vietnam, askari wa Marekani walibanwa na adui, risasi zikiwaishia na majeruhi wakizidi. Kutua pale kulikuwa hatari mno hata helikopta za kubeba majeruhi zikasita. Marubani Bruce Crandall na Ed Freeman wakajitolea. Kwa helikopta zisizo na silaha walishusha risasi na maji, wakapakia majeruhi, wakaondoka, wakarudi tena. Crandall aliruka mara 22. Majeruhi wapatao 70 waliokolewa. Kwenda mara ya kwanza ni ujasiri. Kurudi ukijua kinachokungoja, hapo navua kofia. Freeman alivishwa Nishani ya Heshima mwaka 2001, Crandall mwaka 2007. Heshima hiyo ilichelewa mno.