Saa Sita ya Usiku: Namna ya Kupima Filamu Bubu ya Ngano

Ngano ya Cinderella, kama Charles Perrault alivyoichapisha Paris mwaka 1697, imesimama juu ya sharti moja. Binti wa jikoni anaruhusiwa kwenda dansini amevaa kama binti wa mfalme, mradi atoke kabla ya saa sita ya usiku. Liondoe sharti hilo, na kinachobaki ni mtoto aliyepewa nguo nzuri bure: hakuna mbio, hakuna kiatu kinachodondoka, hakuna msako wa nyumba kwa nyumba. Msomaji aliyelelewa na hadithi za pwani hahitaji kushawishiwa sana hapa, maana anajua kuwa mtu akikabidhiwa funguo za vyumba saba na kukatazwa kufungua cha saba, kisa chote kimo ndani ya hicho chumba cha saba. Kwa hiyo anayetaka kupima ubora wa filamu bubu iliyotokana na ngano asianze kwa kuhesabu miujiza. Alitafute sharti. Mtambaji hulitamka kwa sentensi moja, na hadhira ikalishika. Filamu isiyo na sauti haina sentensi hiyo, na njia zake ni mbili tu: kuliandika sharti kwenye kibao cha maneno kinachokatiza picha, au kulipa mwili ili tulione likitembea. Dai langu ni kwamba filamu bora za aina hii ni zile zilizoiweza njia ya pili. Nyingine, hata zikiwa na mapambo ya kuduwaza, hufuatisha kitabu tu.

Mfano wa kwanza wa kujifunzia ni Cendrillon ya Georges Méliès, ya mwaka 1899. Méliès alikuwa mwanamazingaombwe mwenye jukwaa lake Paris, Théâtre Robert-Houdin, na miaka miwili kabla ya filamu hii alikuwa amejenga studio ya vioo huko Montreuil ili jua liingie ndani. Filamu ina urefu wa dakika sita hivi, wakati ambapo filamu nyingi za wenzake hazikupita dakika moja. Kamera imesimama mahali pamoja mbele ya mandhari iliyochorwa, kama mtazamaji aliyekaa katikati ya ukumbi. Mama mlezi mwenye uwezo wa ajabu anatokea, panya wanageuka watumishi, boga linageuka gari la farasi, matambara ya binti yanageuka gauni. Mbinu ni ile ile kila mara: kamera inasimamishwa, kitu kinaondolewa na kingine kuwekwa, kamera inaendelea, kisha mkanda unakatwa na kuunganishwa mahali hasa panapofaa. Hapa ndipo jicho la fundi linapoanza kazi. Usilitazame boga, utakuwa unatazama pale Méliès alipotaka utazame. Tazama mkono wa aliyeshika fimbo. Kama mkono umeendelea na safari yake bila kuruka, kama pindo la nguo halikushtuka, basi waigizaji walijua kusimama kama sanamu na mkata mkanda alijua fremu ya kukata. Muungano mbovu hujulisha kwa mabega: mtu anaonekana kusukumwa na asiyeonekana. Ufundi wa Méliès katika jambo hili ulikuwa mkubwa, na katika filamu hii pia anaunganisha onyesho na onyesho kwa kuiyeyusha picha moja ndani ya nyingine, jambo lililokuwa geni kwa watazamaji wa mwaka ule.

Hata hivyo, kama filamu ingeishia hapo, ningeiweka kwenye kundi la mazingaombwe mazuri na kuendelea na safari. Kinachoipandisha daraja ni saa. Usiku wa manane unapofika katikati ya dansi, Méliès hatosheki na mishale inayokutana juu ya uso wa saa. Anamtoa kiumbe mzee, mfupi, anayerukaruka na saa yake mikononi, na papo hapo gauni linarudi kuwa matambara mbele ya wageni. Halafu anafanya jambo ambalo Perrault hakuliandika kabisa. Binti amekwisha kurudi nyumbani, sharti limekwisha kuvunjika, na kwa hesabu ya kisa hakuna cha kuogopa tena. Lakini saa zinamfuata chumbani. Zinatokea, zinacheza, zinageuka wanawake, wanawake wanageuka saa tena, na yeye hana pa kujificha. Fikiria mbinu iliyotumika: ni ile ile ya boga na panya. Kubadilisha kitu kimoja kuwa kingine, kulikokuwa zawadi katika onyesho la jikoni, sasa ni tishio. Mtazamaji asiyejua kusoma, asiyewahi kuisikia ngano hii, anaelewa kuwa aliyekubali kugeuzwa amejiingiza mikononi mwa kitu ambacho kinaweza kumgeuza tena kinapotaka. Hiki ndicho ninachokiita sharti lililopewa mwili, na sijui sehemu nyingine katika sinema ya karne ya 19 ambapo hila ya kamera ilibeba maana nzito kiasi hiki.

Kuna pingamizi la haki la kujibiwa kabla ya kwenda mbele. Mtu atasema: sinema bubu haikuwa bubu. Palikuwa na kinanda, na mara nyingi palikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya skrini akieleza kinachotokea. Zaidi ya hayo, watu wa Ufaransa walimjua Cinderella tangu utotoni. Kwa nini basi kuidai picha ibebe mzigo ambao hadhira na msimulizi walikuwa tayari wamejitwika? Nakubali sehemu ya kwanza ya hoja, na atakayeitazama Cendrillon katika ukimya mtupu atakuwa anaiona nusu. Lakini kujua kwa hadhira kunaligeuza swali, hakulifuti. Kama kila mtu anajua kuwa saa sita itapiga, picha haina kazi ya kutoa habari. Imebakiwa na kazi ngumu zaidi ya kuifanya habari ya zamani iume upya. Msimulizi anaweza kusema kwamba binti aliogopa. Hawezi kuzifanya saa zicheze. Na jambo la pili: wasimulizi wale wamekwenda, maneno yao hayakuhifadhiwa kwenye mkanda, na filamu ambazo uhai wake wote ulikuwa kwenye midomo yao zimebaki leo kama vielelezo vya kitabu kilichopotea. Chumba cha saa bado kinatisha bila msaada wa mtu.

Sasa nenda Berlin, mwaka 1922, kwenye Aschenputtel ya Lotte Reiniger, na kipimo kile kile kitakupeleka mahali tofauti kabisa. Reiniger alifuata toleo la ndugu Grimm, ambao kitabu chao kilianza kutoka mwaka 1812, na humo hakuna mama mlezi wala boga wala amri ya saa sita. Msaada unatoka kwa ndege na kwa mti uliopandwa juu ya kaburi la mama. Sharti lenyewe limehamia kwenye kiatu: atakayeenea ndiye mke, na asiyeenea anaweza kujaribu kujilazimisha kwa kisu. Kwa Grimm dada wa kambo hukata miguu yao. Ni jambo la kutisha, na watengenezaji wengi wa filamu za watoto wameliruka. Reiniger hakuliruka, na njia aliyolipitia ndiyo inayoifanya filamu hii ya dakika kumi na kitu iwe, kwa maoni yangu, kilele cha aina yake.

Watu wake ni vivuli. Alivikata kwa mkasi kutoka karatasi nene nyeusi, akaviunga viungo kwa waya, akavilaza juu ya meza ya kioo yenye mwanga chini yake na kamera juu, akavisogeza kidogo, picha moja moja. Hakuna uso wa mbele, hakuna jicho la kulia chozi. Anayepima kazi ya namna hii atazame kwanza ukingo wa kivuli: je, unamjua mtu huyu kwa shingo na mgongo wake hata akiwa ametulia? Kwa Reiniger dada wawili hawachanganyiki hata kwa nukta moja, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na binti wa jivuni ana namna ya kuinama ambayo hakuna mwingine anayo. Kisha atazame uzito. Kivuli kibovu huelea, viungo vyake vyote hutembea kwa kasi moja kama vimepakwa mafuta; kivuli kizuri huanza na bega, kiwiko kikafuata, mkono ukachelewa. Tatu, atazame utulivu. Aliyejua kuvitembeza vikaragosi hivi alijua pia kuviacha, maana kisichosogea wakati wenziwe wanasogea huonekana kufikiri.

Lakini haya yote ni ustadi, na ustadi peke yake haujajibu swali la sharti. Jibu limo katika mwanzo wa filamu, ambapo Reiniger anatuonyesha mkasi ukifanya kazi na watu wa hadithi wakizaliwa kutoka kwenye karatasi. Wengi wanapaona hapo kama utangulizi wa kupendeza. Mimi napaona kama msingi wa nyumba. Tangu dakika ya kwanza tumefundishwa kuwa katika ulimwengu huu mwili ni kitu kilichokatwa, na kwamba umbo la mtu ndilo hatima yake. Dada wa kambo anapochukua kisu na kujikata mguu ili uingie kiatuni, hafanyi ukatili wa kupita tu. Anajaribu kushika kazi ya mkasi uliomuumba, kujikata upya awe mwingine. Na hawezi, kwa kuwa karatasi iliyokatwa vibaya haikatwi ikarudi. Filamu ya waigizaji hai isingeweza kulisema hili. Ingetuonyesha damu, nasi tungegeuza uso. Hapa malighafi ya kazi na sharti la ngano vimekuwa kitu kimoja, na ndiyo maana hakuna neno la ziada linalohitajika.

Atakayekuwa amenifuata mpaka hapa ana haki ya kuuliza kama kipimo hiki hakikuchongwa makusudi ili Méliès na Reiniger washinde. Je, uzuri wa mavazi si ubora? Je, uigizaji? Chukua Cinderella ya mwaka 1914, iliyoongozwa na James Kirkwood kwa kampuni ya Famous Players, na Mary Pickford akiwa binti wa jivuni. Pickford aliwahi mapema kuliko wengi kutambua kuwa kamera haihitaji mikono mirefu ya jukwaani, na kwamba uso uliotulia husema zaidi. Filamu ya namna hiyo haitashindana na Montreuil kwa hila. Sharti lake linatafutwa kwingine: katika namna binti anavyofurahi dansini. Kama mwigizaji anafurahi kabisa, kama mtu aliyesahau, mlio wa saa utakuwa ajali iliyotoka nje ya kisa. Kama furaha yake ina haraka ndani yake, sharti limekaa mwilini mwake na kipimo kimetimia bila saa hata moja kucheza. Kwa hiyo uigizaji unahesabika, na sana, ila unahesabika kwa kazi unayoifanya. Mavazi vivyo hivyo. Gauni la dansini ni zuri kwa kiasi ambacho kupotea kwake kunatuuma.

Ushahidi mwingine kwamba picha hukaa kuliko maneno unatoka Kansas City mwaka 1917, ambako Walt Disney, kijana wa miaka 15, aliitazama Snow White ya J. Searle Dawley, iliyotoka mwaka 1916 na Marguerite Clark akiwa binti wa mfalme. Filamu hiyo ilitokana na tamthilia iliyochezwa Broadway, na inajulisha asili yake kwa kutegemea mno vibao vya maneno. Onyesho lile lilifanyika katika ukumbi mkubwa, filamu ikitupwa kwenye skrini nne kwa pamoja. Miaka mingi baadaye Disney alisema kumbukumbu ya siku hiyo ilichangia kumfanya achague ngano hiyo hiyo kwa filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, iliyotoka mwaka 1937. Picha ilimkaa kijana kwa miaka 20, na humo ndimo ninamoona nguvu yake.

Limebaki suala la nakala, na hapa wapimaji wengi huikosea haki kazi njema. Filamu za mwanzo wa sinema zilizungushwa kwa mkono, kwa karibu picha 16 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa kasi ya 24, kila kitendo kinaongezeka kasi kwa nusu, na chumba cha saa kinakuwa kichekesho. Ukiona watu wanatembea kama wanakimbizwa na nyuki, usimlaumu Méliès. Tafuta nakala nyingine. Muziki nao mara nyingi umebandikwa na mtu wa zama zetu, na muziki mtamu kupita kiasi unaweza kumlainishia Reiniger kisu chake. Rangi ni jambo zito zaidi. Nakala za Cendrillon ziliuzwa ama nyeusi na nyeupe ama zimepakwa rangi kwa mkono, fremu kwa fremu, na nakala yenye rangi imesalia. Hili linagusa sehemu ya filamu ninayoiona dhaifu, yaani mwisho. Kiatu kikishaenea, kisa kimekwisha, lakini Méliès anaongeza msafara wa harusi, ngoma, na picha ya utukufu wa kufungia, kama ilivyokuwa desturi ya tamthilia za miujiza za Paris. Katika nakala isiyo na rangi maonyesho hayo ni umati wa watu weupe wakipita mbele ya kanisa la kuchorwa. Katika nakala yenye rangi yanapata sababu ya kuwapo, kwa kuwa yalitungwa yawe karamu ya macho, na gauni moja jekundu katikati ya msafara linaweza kuongoza jicho kuliko hila yoyote. Ninaipandisha alama kwa ajili hiyo. Hata hivyo bado ninaiweka chini ya chumba cha saa, kwani harusi ile, ikiwa na rangi au isiyo nazo, haina sharti lolote ndani yake: hakuna anayeweza kupoteza kitu.