Kura Isiyo na Jina: Jinsi ya Kusoma Rekodi ya Mbunge wa Babati Mjini

Ukiuliza Babati, iwe Bagara, Maisaka au Bonga, mbunge wao alipiga kura gani siku Bunge lilipoamua jambo zito, utapata majibu mengi, na karibu yote ni ya kukisia. Si kwamba watu hawafuatilii. Wanafuatilia sana, na tangu barabara ya Kondoa iwekwe lami, Dodoma, linakokaa Bunge, iko kilomita 251 tu. Wanakisia kwa sababu kura yenyewe, mara nyingi, haikuandikwa popote.

Tuanze na namna uamuzi unavyofanyika ukumbini. Mjadala ukiisha, Spika huwahoji wabunge: wanaoafiki waseme Ndiyo, wasioafiki waseme Siyo. Husikiliza sauti, kisha hutamka upande ulioshinda. Kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard, tukio hilo hubaki mistari miwili ndani ya mabano: hoja ilitolewa iamuliwe, hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Hakuna jina wala hesabu. Aliyesema Siyo kwa sauti ya juu na aliyenyamaza kimya wote wanaingia kwenye mabano yale yale. Hivyo ndivyo Bunge lilivyopitisha azimio la makubaliano ya bandari na Dubai tarehe 10 Juni 2023, jambo lililozungumzwa nchi nzima kwa miezi kadhaa.

Kanuni zinaruhusu matokeo ya sauti yahojiwe na kura zihesabiwe, lakini ni nadra kutokea. Pale ambapo jina la mbunge linafungamanishwa na kura yake kwa lazima ni kwenye bajeti kuu ya Serikali kila mwezi wa Juni. Katibu husoma majina, mbunge mmoja mmoja hujibu, na majibu yote huchapishwa. Ipo sababu ya uzito huo: kwa Ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge anayesema Hapana siku hiyo anajua kwamba kiti chake mwenyewe kinaweza kuwa rehani. Kwa hiyo kura pekee tunayoiona kila mwaka ndiyo kura ambayo mbunge ana uhuru mdogo zaidi wa kuipiga. Mchambuzi anayekusanya kura za bajeti za miaka kumi na kuziita msimamo wa mbunge amekusanya kwa kiasi kikubwa rekodi ya chama chake.

Hata hapo pana mtego. Juni 2016 kambi ya upinzani ilisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson, na bajeti ikapita wao wakiwa nje. Kususia ni msimamo mkali kuliko kusema Hapana, lakini katika kura ya majina anayesusia huhesabiwa kuwa hakuwepo, sawa na aliyeugua na aliyesafiri. Miezi michache kabla, Januari 2016, Serikali ilikuwa imetangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha Bunge moja kwa moja kama zamani. Mwananchi wa Babati akakosa vyote viwili kwa wakati mmoja, picha na maelezo.

Jirani zetu wa Kenya walituonyesha tofauti yake. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipopigiwa kura ya kusomwa mara ya pili ulipata 204 kwa 115, na tarehe 25 Juni, siku ya kusomwa mara ya tatu, ukapata 195 kwa 106. Majina yalijulikana siku hiyo hiyo. Mtu wa Kisii au Kilifi hakuhitaji kumuuliza mbunge wake alisimama wapi.

Sisi tunabaki na kazi ya kuokoteza. Mahali pa kwanza pa kutazama ni sentensi ambayo wengi huiruka wakidhani ni adabu tu: naunga mkono hoja. Mbunge husema hivyo anapoanza au anapomaliza kuchangia, na kwa mazingira yetu hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kura yenye jina. Mbunge anaweza kuilaumu wizara kwa dakika saba, barabara haipitiki, maji hakuna, fidia haijalipwa, kisha akamaliza kwa kuunga mkono hoja mia kwa mia. Lawama zile ni za jimbo, kuunga mkono ni kwa chama. Ukisoma hotuba, andika vyote viwili, kila kimoja kwenye safu yake. Na usiishie kwa waliosimama kuzungumza. Michango ya maandishi huchapishwa pia, na mara nyingi humo ndimo mbunge aliyekosa nafasi ya kuzungumza huweka mambo ya kata kwa kata.

Mahali pa pili ni shilingi. Wakati wa Kamati ya Matumizi, mafungu ya wizara yakipitishwa, ukifika mshahara wa waziri, ambao kwa kawaida unakaa kwenye kifungu 1001, Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu, mbunge anaweza kusema kwamba asiporidhika na maelezo atatoa shilingi. Akiitoa, hoja inajadiliwa, wenzake wanasimama kumuunga mkono au kumwacha peke yake, na mwisho anaulizwa kama anairudisha. Wengi huirudisha. Mimi nazithamini kurasa hizi kuliko hotuba yoyote, maana hapa mbunge ameulizwa waziwazi, mbele ya waziri, aendelee au aache, na jibu lake limeandikwa kwa jina. Majedwali ya marekebisho kwenye Kamati ya Bunge Zima yana thamani hiyo hiyo upande wa miswada: yana jina, kifungu, na maneno ambayo mbunge alitaka yabadilishwe.

Sasa tuje Babati yenyewe. Pauline Gekul aliingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalum vya CHADEMA. Mwaka 2015 akachaguliwa na wananchi wa Babati Mjini kwa tiketi ya chama hicho hicho, katika jimbo lililokuwa la Kisyeri Chambiri wa CCM. Oktoba 2018 akajiuzulu na kuhamia CCM. Kwa kuwa Ibara ya 71 humwondolea ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni, kiti kikawa wazi. Akagombea tena na kurudi bungeni kwa tiketi ya CCM bila kupingwa. Akachaguliwa tena 2020. Desemba mwaka huo akawa Naibu Waziri wa Mifugo na Uvuvi, mwaka 2021 akahamishiwa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, na Februari 2023 Katiba na Sheria, hadi uteuzi wake ulipotenguliwa Novemba 2023.

Tovuti ya Bunge humpa kila mbunge ukurasa wenye idadi ya maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango. Ni kazi nzuri na naitumia, lakini kwa mbunge wa namna hii idadi hizo zinapotosha vibaya. Naibu waziri haulizi maswali; anayajibu. Kwa karibu miaka mitatu safu yake ya maswali lazima ikauke, na asiyejua atasema mbunge alilala. Kutafuta jina lake ndani ya Hansard kunaleta shida mbili nyingine. Jina hujitokeza mara nyingi kuliko alivyozungumza, kwa sababu Spika huita wachangiaji kwa kupanga foleni, fulani atafuatiwa na Mheshimiwa Gekul. Na hujitokeza mara chache kuliko alivyozungumza alipokuwa serikalini, kwa sababu hapo mara nyingi hutambulishwa kwa cheo, Naibu Waziri wa kadha wa kadha. Inabidi utafute vyeo vyote alivyoshika, kila kimoja kwa tarehe zake.

Na msimamo unaosomeka chini ya cheo hicho si wa mtu wala wa jimbo. Ni wa Serikali. Juni 2023, azimio la bandari lilipopita, mbunge wa Babati Mjini alikuwa Naibu Waziri wa Katiba na Sheria. Anayetaka kujua Gekul mwenyewe aliwaza nini hatakipata kwenye majibu ya wizara.

Kwa hiyo rekodi hii ikatwe vipande kabla ya kuhesabiwa. Kipande cha viti maalum kikae peke yake, kwa sababu mbunge wa viti maalum hana jimbo la kuulizia. Kipande cha serikalini kikae peke yake. Katika vinavyobaki, viwili ndivyo vyenye hazina: kati ya Novemba 2015 na Oktoba 2018, kisha kutoka aliporudi hadi Bunge la Kumi na Moja lilipomaliza kazi 2020. Jimbo ni lile lile, mbunge yule yule, Serikali ile ile ya Awamu ya Tano. Kilichobadilika zaidi ni chama. Ni nadra sana mchambuzi wa siasa zetu kupata kitu kilicho safi kiasi hicho.

Njia ya kuvilinganisha ni hii. Chukua maswali ya msingi na ya nyongeza yaliyotaja Babati, kata zake, ziwa lake, hospitali yake na barabara zake, uyapange kwa kila mkutano wa Bunge, maana vipande havilingani urefu. Chukua michango yote na uandike kama iliunga mkono hoja au la. Chukua kila shilingi iliyotolewa na kila jedwali la marekebisho. Kisha tazama safu zipi zimehama. Ikiwa maswali ya jimbo yamebaki pale pale huku kuunga mkono hoja kukigeuka kabisa, basi wananchi hawakupoteza msemaji wa barabara zao, ila walipoteza kauli ya kupinga kwenye miswada kama ule wa marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa, uliopitishwa mwishoni mwa Januari 2019. Ikiwa maswali nayo yamelegea au yamepoa makali, hilo ni jambo jingine, na mwenye jimbo ana haki ya kuliuliza kwa tarehe na namba ya swali mkononi.